Kiu ya Bi Mize

Jasho la Siwema liligoma siku ambayo asubuhi ilikuja mara mbili. Asubuhi ya kwanza alikuwa anafagia uani. Ya pili akajikuta anafagia palepale, vumbi lilelile, jua limeshapanda kupita adabu ya jua la asubuhi, na kwapa zake kavu kama karatasi. Hakuogopa. Kuogopa kunataka nafasi, na yeye alikuwa na nyumba ya kuangalia. Aliuegemeza ufagio ukutani, akajipapasa shingoni, mgongoni, chini ya matiti, kama mtu anayetafuta funguo alizoziweka mahali fulani jana, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Limekwenda wapi hili?"

Katika nchi ile, swali hilo si dogo. Huko mwili wa mtu mmoja haufanyi kazi zake zote peke yake. Watu wa nyumba moja hugawana. Mmoja hupewa joto, akatoa jasho na kutetemeka kwa niaba ya wenzake. Mwingine hupewa njaa, mwingine usingizi, mwingine pumzi, mwingine kiu. Nani aliyeanzisha hakuna ajuaye, na aliyewahi kuuliza aliambiwa kwamba kuuliza ni kazi ya nyumba nyingine.

Siwema alipewa joto alipoolewa. Jua likiwaka, yeye ndiye anayelowa, na paji la uso la mumewe hupoa. Baridi ikiingia, yeye ndiye anayegonga meno, na mtoto hulala vizuri. Mumewe, Msellem, alikuwa na pumzi: mtu yeyote wa nyumba akipanda ngazi, Msellem aliyekaa barazani ndiye anayehema. Kiu alikuwa nayo Bi Mize, mama yake Msellem. Bi Mize akisema "nina kiu," nyumba nzima hunywa, kila mtu na kikombe chake. Asiposema, hakuna anayegusa mtungi, maana hakuna anayeona sababu ya kuugusa. Ungemuuliza Siwema kiu ikoje, angekukodolea macho kama umemuuliza rangi ya Jumatano.

Aliyebaki ni Salha, binti yao, ambaye alikuwa ameanza kung'oka meno. Mwenye meno ya utoto hapewi kazi. Asubuhi ya kwanza Salha alikuwa anaruka kamba. Asubuhi ya pili alikuwa amelala mkekani, kamba iko pembeni yake, naye ana moto kama sufuria iliyosahaulika jikoni.

Siwema akachuchumaa. Ndani ya kichwa chake maneno yakaanza kuja vipandevipande, kama yajavyo kwa mtu anayefungua kitu ili aone kimefungwaje.

Ngozi. Anza na ngozi.

Ndiyo ogani kubwa kuliko zote, na ndiyo tunayoisahau, kwa sababu tunaiona.

Ndani ya ngozi, tezi za jasho. Tezi hazitengenezi maji. Zinachota.

Zinachota wapi? Kwenye damu.

Na damu inachota wapi?

Alifika hapo, akasimama, kwa sababu mtoto alifungua macho. "Mama, mbona chumba kinazunguka?"

"Chumba kimetulia. Unayezunguka ni wewe."

"Mimi nimelala."

"Ndani ya sikio lako kuna vijifereji vya maji vinavyouambia ubongo wako kama umesimama au umelala. Leo vinasema uongo kidogo. Tulia."

Akaibana ngozi ya tumbo la Salha kwa vidole viwili, akaivuta juu, akaiachia. Siku nyingine ngozi ya mtoto hurudi kabla hujamaliza kuiachia. Leo ilibaki imesimama, kama kanga iliyopigwa pasi ikiwa na kunjo, halafu ikashuka polepole, kwa uvivu. Siwema akaibana tena. Ikasimama tena. Hakuwa anafanya hivyo kwa kutoamini, ila alitaka kuona inashukaje. Moyoni mwake kulikuwa na hofu, lakini juu ya hofu kulikaa kitu kingine, kikubwa zaidi, nacho kilikuwa hamu ya kujua. Mtoto wake anakauka, na yeye anataka kujua njia ambayo maji yameipita yakiondoka.

"Hodi wenyewe."

Alikuwa Shamte, jirani wa ukuta mmoja, mwenye njaa ya nyumba yake, mtu wa tumbo kubwa na udhuru mwingi. Alisimama mlangoni kama desturi ya nchi inavyotaka: uso mbele, miguu pamoja, mikono imeshuka ubavuni, viganja vimeelekezwa kwa mwenyeji. Hivyo ndivyo mtu anavyosalimia huko, na ndivyo mtu anavyosomwa. Mtoto akishaweza kusimama hivyo ndipo anapofundishwa ramani yake: ini kulia, chini ya mbavu, wengu kushoto, moyo katikati, umeinama kushoto kidogo, figo mbili nyuma, moja huku na moja huku ya uti wa mgongo, ya kulia imeshuka kidogo kwa kulipisha ini. Na kanuni ya kwanza kabisa, ambayo mtoto akiikosea hupigwa kofi jepesi la mkono: kulia ni kulia kwa mwenye mwili. Si kwa anayemtazama.

"Karibu, Shamte. Viganja nimeviona. Sema."

"Nimekuja kuuliza kama mna mgeni anayekimbia humu ndani. Mume wako anahema hadi nasikia kwangu. Nimeshindwa kula kwa raha."

"Uliwahi kushindwa?"

"Mama Salha, usinionee. Nikila mimi, wanakula sita. Hii ni huduma."

"Hiyo huduma imekufikisha kwenye shati la ngapi mwaka huu?"

Shamte akacheka, kisha akamwona mtoto, akaacha. "Hilo ni joto. Joto si ni lako?"

"Langu. Limekauka."

"Basi kasirika. Mtu akikasirika hutoka jasho."

"Ningekuwa natoka jasho kwa hasira, nyumba hii ingekuwa na kisima."

Alipokwenda zake, Siwema akatoka barazani. Msellem alikuwa ameshika magoti, kifua kinapanda na kushuka, na ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo unafanya kazi kama mtu anayepampu tairi. Siwema alimwekea kidole penye mshipa wa shingo. Moyo ulikuwa unakimbia, mapigo membamba, ya harakaharaka.

"Pumzi hizi ni za nani?" aliuliza.

"Za Salha," Msellem alisema kati ya pumzi na pumzi. "Amelala, lakini ndani anakimbia. Sijui anakimbilia wapi."

"Moyo haukimbilii mahali. Damu imepungua maji, imekuwa chache, na moyo unataka kuifikisha kulekule kwa wakati uleule. Sasa unazungusha kidogo mara nyingi." Alifikiri. "Leo amekojoa?"

"Kabla ya asubuhi hii. Asubuhi ile nyingine. Kidogo, kama chai ya rangi."

Basi hata figo zinajua, Siwema aliwaza. Chini ya ubongo kuna kipande kisichozidi punje ya lozi. Kimeionja damu, kimeona chumvi imezidi, kimetuma salamu kwa figo: baneni maji. Figo zimebana. Tezi za jasho zimefunga milango. Mishipa imejikaza. Moyo umeongeza mwendo. Kila mmoja ndani ya mtoto huyu amesikia na amefanya sehemu yake, bila mkutano, bila mwenyekiti, wala hakuna aliyegonga meza. Imebaki sauti moja tu ambayo ingetoka nje na kusema: leteni maji. Sauti hiyo haimo ndani ya mtoto. Iko chumba cha nyuma.

Alisimama pale barazani, miguu pekupeku sakafuni, akajiangalia vidole. Watu wa nchi ile huisifu nyumba kwa neno moja: imetulia. Nyumba ambayo mwenye njaa hapigi kelele, mwenye joto hatetemeki mbele ya wageni, mwenye kiu hupitisha mchana mzima bila kuita, hiyo husemwa ina msawazo, na wachumba huletwa hapo. Siwema alikulia katika neno hilo kama samaki katika maji. Lakini sasa, kwa kuwa hakuwa na jasho la kushughulika nalo, alizitazama nyayo zake, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Hakuwa ametulia. Mwili ulikuwa unaegemea mbele kwa unywele, vidole vinakaza, unarudi; unakwenda nyuma kwa unywele, kisigino kinakataa, unarudi. Kumbe kusimama si kukaa mahali pamoja. Kusimama ni kuanza kuanguka na kujirudisha, tena na tena, haraka hivi kwamba anayekutazama anasema umetulia. Na joto je? Si vivyo hivyo? Linapanda kidogo, ngozi inalowa. Linashuka kidogo, nyama inatetemeka. Na sukari ya damu, inapanda baada ya chakula, kongosho linaishusha. Inapungua, ini linafungua akiba. Hakuna hata kimoja kilichotulia. Kilichotulia kabisa, hakiegemei wala hakirudi, hakilowi wala hakitetemeki, ni maiti. Sisi, Siwema alijiambia, tumekuwa tukizisifu nyumba kwa kufanana na makaburi.

Akaingia chumba cha nyuma.

Bi Mize alikuwa amekaa kitandani anasuka nywele zake mwenyewe, nyeupe, akizipaka mafuta ya nazi. Midomo nayo aliipaka, iking'aa, lakini chini ya mng'ao huo ilikuwa imepasuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeingia na uso wa kesi."

"Salha anaumwa."

"Moto?"

"Moto."

"Moto ni wako, mwanangu. Mimi sina mkono humo."

"Jasho limekwisha. Nimelifuata lilikotoka. Kwenye ngozi halipo, kwenye damu halipo, figo zimeshikilia tone la mwisho. Nimefuata hadi nimefika mlangoni kwako."

Bi Mize aliendelea kusuka. "Unanihesabia."

"Nakuuliza. Mara ya mwisho umesikia kiu lini?"

"Nyumba hii inasifiwa utulivu wake tangu wewe hujazaliwa. Akina mama walikuwa wanaleta mabinti zao waje waone. Nilikuwa naweza kukaa na kiu yangu toka jua linachomoza hadi linazama, sijaita. Walikuwa wanasema, Mize ana koo la mawe."

"Sijauliza sifa, mama. Nimeuliza lini."

"Nikiwa na kiu nitasema. Sina. Unataka niseme uongo?"

Siwema akamtazama, na hapo ndipo hofu ilipompata sawasawa, kwa sababu aliona kwamba mama huyu anasema kweli. Mwongo unaweza kumbana. Mtu mkweli ambaye ukweli wake umezeeka, utamshika wapi? Miaka ilikuwa imepita katika ile punje ya lozi iliyo chini ya ubongo wa Bi Mize, ikailainisha, kama inavyolainisha masikio ya wazee na macho yao. Chumvi inapanda, na punje inasinzia. Kiu haikuwa imefichwa. Haikuwepo. Na nyumba nzima ilikuwa inaning'inia kwenye kamba ambayo ncha yake ya pili haijafungwa popote.

Alipotaka kusema, aliona mikono iliyo magotini mwake si yake. Ilikuwa ya Bi Mize, mishipa imeinuka, kucha za manjano, na mafuta ya nazi kwenye vidole. Kwa muda usiopimika alikuwa yeye ndiye aliyekaa kitandani, mkwe amesimama mbele yake na uso wa kesi, na koo lake lilikuwa kimya kabisa, kimya kizuri, kama nyumba iliyofagiliwa na watu wametoka. Hakuna kilichokuwa kinaomba. Angeweza kufa humo akijisikia vizuri. Kisha mikono ikarudi kwa mwenyewe.

"Nimeona," Siwema alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kweli huna."

"Nimekwambia."

"Basi lazima iondoke kwako."

Bi Mize akaacha kusuka. "Unajua wanavyomsalimia mtu asiye na kazi katika nyumba?"

Siwema alijua. Wanamgeuzia mikono. Wanasimama mlangoni wamempa mgongo wa kiganja, maana hana cha kusomwa na hana cha kusoma.

"Baba yake Msellem walimsalimia hivyo mwaka wake wa mwisho," Bi Mize alisema. "Mtu mzima, mikono inageuzwa mbele yake kama wanafukuza nzi. Niache nife na kiu yangu."

"Huna kiu, mama. Ndiyo shida yenyewe. Na anayekufa si wewe, ni yule mkekani."

"Wewe unataka kuivunja nyumba."

"Nataka mtoto akojoe."

Bi Mize akazishika tena nywele zake.

"Ulinikumbusha mwenyewe siku niliyoingia humu," Siwema alisema. "Kulia ni kwa mwenye mwili. Ukanipiga kofi nilipokosea. Sasa niambie: ini la Salha liko upande wa Salha, wengu uko upande wa Salha, ila kiu yake iko chumba cha nyuma kwa bibi yake? Nani alikosea hapo, asipigwe kofi?"

Siwema akatoka.

Kunywa bila kiu ni jambo ambalo katika nchi ile halina hata adhabu, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria. Husemwa tu kwamba maji ya namna hiyo hayapiti. Hukaa tumboni kama mgeni asiyejulikana ameitwa na nani. Siwema alichemsha maji, akayapoza, akatia sukari, akatia chumvi kidogo, akayaonja: yasizidi chumvi ya machozi. Hakutaka maji matupu. Damu ya mtoto ilikuwa imepoteza vyote viwili, na maji bila chumvi huingia yakatoka bila kushika kitu.

"Mama hajasema," Msellem alisema kutoka barazani.

"Najua."

"Mama Salha, hajasema."

"Basi wewe endelea kuhema, mimi nimnyweshe."

Akanyanyua kichwa cha mtoto, akampa kijiko. Salha akameza kwa mshangao, kama mtu aliyepewa kitu cha mwingine. Kijiko kingine. Mtoto akatapika. Siwema akamfuta, akasubiri, akaanza tena, kidogo zaidi, taratibu zaidi. Jioni iliingia chumbani, ikatazama, ikatoka, mchana ukarudi. Siwema hakuinua macho. Alikuwa anaangalia koo la mtoto, kile kifuniko kidogo kinachofunga njia ya hewa kila mtu anapomeza, ambacho hukioni lakini unaona ngozi ikipanda na kushuka, na kila ilipopanda alijiuliza: yanapita? Yanafika kwenye utumbo? Damu inayapokea, au inauliza yametumwa na nani?

Damu haikuuliza. Hilo ndilo aliloligundua kwanza. Barazani, pumzi za Msellem zilianza kurefuka.

Kisha Salha akaweka mkono shingoni. "Mama. Kuna kitu."

"Kinauma?"

"Hapana."

"Kikoje?"

"Sijui." Alikunja uso, akatafuta. "Sijawahi kukiona."

Siwema naye hakujua. Alimtazama Msellem aliyesimama sasa mlangoni, na Msellem hakujua. Walikuwa watu wazima wawili wenye akili zao, na hakuna aliyekuwa na neno la kumpa mtoto.

Nyuma ya Msellem, Bi Mize alikuwa amekuja, nywele nusu zimesukwa, nusu ziko wazi. Alimsukuma mwanawe pembeni, akaketi mkekani kwa taabu, magoti yakilia.

"Kimekaa wapi, mjukuu wangu?"

"Hapa. Nyuma ya ulimi. Halafu kinashuka."

"Ulimi wenyewe ukoje?"

"Kama si wangu. Kama nimewekewa kitambaa."

"Na ukiangalia bakuli hilo?"

Salha akaligeukia bakuli, akalitazama kwa muda, na macho yake yakabaki huko. "Kinazidi," alisema. "Bibi, kinaomba."

Bi Mize akafumba macho. Alikuwa kama mtu aliyehama mji zamani, akakutana na msafiri aliyetoka huko jana. "Ndiyo yenyewe," alisema. "Ya kwangu ilikuwa inaanzia mdomoni, si nyuma. Na ilikuwa inakuja pamoja na hasira kidogo. Wewe una hasira?"

"Kidogo. Kwa sababu mama anatoa kwa kijiko."

"Mpe kikombe," Bi Mize alisema bila kufumbua macho. "Kijiko si cha mtu mwenye kiu."

Siwema akampa kikombe. Mtoto akanywa mwenyewe, akatua, akavuta hewa, akanywa tena. Juu ya mdomo wake wa juu, kwenye vinyweleo ambavyo hata havijaonekana, kulikuwa na matone madogo. Siwema alidhani ni maji ya kikombe. Akayafuta kwa kidole, yakarudi, akalamba kidole chake, akakuta chumvi. Alijipapasa kwapa. Kavu. Jasho lile halikuwa lake. Alilitazama sana, hakulifuta tena, akitaka kuona litakwenda hadi wapi.

Bi Mize alikuwa amekaa, viganja vimelala mapajani, vimefunguka juu, havimwelekei mtu. Hakuna aliyesema kilichotokea, lakini kila mmoja chumbani alikijua. Kazi yake ilikuwa imehama, na haikuhamia kwa mtu mwingine mmoja. Ilikuwa imerudi kwa kila mtu mwenyewe. Msellem aliyekuwa mlangoni alikuwa ameshika koo lake kwa vidole viwili, anashangaa.

"Salha," Bi Mize alisema.

"Bee, bibi."

"Mimi siisikii tena. Nakuuliza wewe unayeijua." Alisita. Hakuwahi kuuliza jambo hili katika maisha yake, alikuwa akiulizwa. "Mimi nina kiu?"

Mtoto akaweka kikombe chini. Akasogea na magoti hadi mbele ya bibi yake, akamshika kidevu kama anavyoshikwa yeye akiumwa.

"Toa ulimi."

Bi Mize akatoa ulimi. Salha akauchunguza, akainamisha kichwa huku, akainamisha huku, akaugusa kwa ncha ya kidole.

"Unayo, bibi," alisema. "Unayo nyingi sana."

Bi Mize akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa hadi chini.